Oregano Haingojei Majira ya Kuchipua: Wakati wa Kuipanda Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Pakiti nyingi za mbegu za oregano huja na maelezo yaliyoandikiwa watu wa nchi za mbali. Mnunuzi huelekezwa apande majira ya kuchipua, jalidi ya mwisho ikishapita. Mkazi wa Lanet au wa Mamboleo akisoma maneno hayo hubaki njia panda, kwa sababu kwake mwaka haugawanyiki hivyo, na jalidi, yaani umande ulioganda kuwa barafu, huenda hajapata kuiona kwa macho yake. Wapo wanaoamua kuifuata miezi ya Ulaya jinsi ilivyo, wakapanda Aprili mvua ya masika ikiwa imepamba moto, kisha wakaona miche inageuka manjano na kulala chini. Wapo waliosikia kwamba mmea huu hupenda jua na ukavu, wakapanda Januari, na kufikia Machi miche imekauka. Makundi yote mawili huishia kusema kwamba oregano haikubali udongo wa kwetu. Inakubali, na inakubali vizuri, mradi aliyepanda ameelewa kwa nini wenzetu wa mbali hupanda wanapopanda, kisha akatafuta hali kama hiyo katika mwaka wa kwetu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia mmea gani, kwa sababu jina hili hubebwa na mimea zaidi ya mmoja. Oregano ya kweli, ambayo wataalamu huiita Origanum vulgare, ni mmea mfupi wa jamii moja na mnanaa na mrihani. Asili yake ni nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania pamoja na sehemu za Asia. Majani yake ni madogo, yana umbo la yai na vinyweleo laini, na yakifikichwa hutoa harufu kali inayotokana na mafuta yaliyomo ndani yake, hasa kemikali iitwayo kavakroli. Haya ndiyo majani makavu yanayonyunyizwa juu ya pizza, na katika majiko ya miji yetu yameanza kuzoeleka katika mchuzi wa nyanya, kuku wa kuchoma na samaki. Aina inayopendwa zaidi na wapishi kwa ukali wa ladha ni ile ya Kigiriki.

Mmea unaochanganywa nayo mara nyingi ni ule uitwao oregano ya Kuba, Coleus amboinicus kwa jina la kitaalamu. Huo una majani manene yaliyojaa maji, makubwa kuliko kucha ya kidole gumba, yenye kingo zilizochongoka kidogo. Unanukia karibu sawa na oregano, lakini ni mmea wa nchi za joto ambao hujihifadhia maji katika majani yake, na tawi lake likichomekwa ardhini hushika karibu mwezi wowote. Anayefuata ushauri wa jirani mwenye mmea huu wa majani manene, huku yeye mwenyewe akiwa na oregano ya Kigiriki, atapotea bila kujua kosa liko wapi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wakati wa kupanda, tazama jani. Likiwa jembamba na dogo, makala haya yanakuhusu.

Jambo jingine la kulijua mapema ni kwamba oregano ni mmea wa kudumu. Dania hupandwa, ikavunwa, ikaisha; oregano hukaa mahali pamoja miaka mitatu au minne ikiendelea kutoa majani. Mtu anayepanga kuishi na mmea kwa muda huo hana sababu ya kuukimbiza mwezi mmoja mapema.

Majira ya kuchipua yanaupa mmea nini

Huko Ugiriki na kusini mwa Italia, mvua hunyesha wakati wa baridi, takriban kuanzia Oktoba hadi Machi, na kiangazi huwa kikavu na cha joto kali. Mpangilio huo ni kinyume cha wetu, kwa kuwa mvua yetu huja wakati ardhi ina joto. Kule, mbegu ikitiwa ardhini katikati ya baridi hukaa tu bila kuota, na mche ukitoka mapema jalidi huuua usiku mmoja. Mkulima husubiri. Baridi inapoondoka, anapata vitu vitatu kwa pamoja: udongo umepata joto, bado umeshika maji ya mvua iliyopita, na mvua yenyewe inazidi kupungua wiki baada ya wiki. Mche uliopandwa wakati huo huteremsha mizizi kuyafuata maji yanayoshuka, na kiangazi kinapofika huwa tayari una mizizi ya kujitegemea.

Pakiti ya mbegu inataja jalidi kwa sababu ndiyo hatari kubwa kwa wale iliyoandikiwa. Haitaji maji kwa sababu kwao, katika miezi hiyo, maji hayasumbui sana. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mstari wenyewe unapita Maseno, kati ya Kisumu na Busia, na Nakuru iko chini ya nusu digrii kusini yake. Mchana wetu una saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, na joto la mwezi mmoja halitofautiani sana na la mwezi mwingine. Kinachobadilika kwetu ni mvua. Kwa hiyo swali la mtu wa Nakuru au Kisumu linapaswa kuwa hili: ni lini mche wangu utapata udongo wenye joto na unyevu, bila kukabiliwa na mvua za kuufurikisha katika wiki zake sita za mwanzo?

Wiki hizo ni muhimu kwa sababu ya namna mizizi inavyoishi. Mizizi hupumua. Katika udongo mzuri kuna vitundu vidogo vidogo vyenye hewa, na udongo unapojaa maji kwa siku kadhaa mfululizo hewa hiyo hutoweka, mizizi ikaanza kufa, na vimelea vinavyopenda umajimaji vikapata mlango. Mimea mingi ya bustani zetu, sukuma wiki ikiwemo, huvumilia hali hiyo kwa siku chache. Oregano, iliyozoea miteremko yenye mawe ambako maji hayatuami, ina uvumilivu mdogo zaidi, na mche mchanga wenye mizizi michache una uvumilivu mdogo kuliko wote. Dalili zake huwapotosha wengi: majani hunyauka kana kwamba mmea una kiu, mwenye bustani akaongeza maji, na kwa kufanya hivyo akauua kabisa.

Tarehe mbili, wala si moja

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huondoka mtu akitenganisha siku ya kusia mbegu na siku ya kuhamishia miche bustanini. Kati ya siku hizo mbili kuna wiki sita hadi nane, na kila moja ina masharti yake. Mbegu husiwa chombo kikiwa chini ya paa, kwa hiyo mvua ya nje haiigusi. Kuhamisha miche ndiko kunakotegemea hali ya mvua na udongo. Basi anza na tarehe ya kuhamisha, kisha hesabu kurudi nyuma miezi miwili, na hapo utaipata siku ya kusia.

Mbegu ya oregano ni ndogo mno, ndogo kuliko ya mchicha, na huhitaji mwanga ili iote. Ukiifukia kama unavyofukia maharagwe, haitatoka. Chukua kopo, beseni kuukuu au mtungi wa plastiki uliokatwa, litoboe chini, jaza mchanganyiko wa udongo, mboji iliyoiva na mchanga wa mtoni, nyunyizia maji mpaka ulowe, kisha tawanya mbegu juu na uzikandamize kidogo kwa kiganja bila kuzifunika. Maji ya kumwagilia yatoke kwenye chupa ya kupulizia au kifuniko kilichotobolewa matundu madogo, maana mmiminiko wa kikombe huzisukumia mbegu zote kando. Joto linalozifaa ni kama nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi, nazo huota kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Mahali penye mwanga mwingi lakini pasipo jua la saa saba mchana, kama vile baraza au dirisha linalotazama mashariki, panatosha.

Miche ikifikia urefu wa kidole na kuwa na majozi kadhaa ya majani, izoeze jua taratibu kwa muda wa wiki moja: muda wa saa mbili tu asubuhi siku ya kwanza, kisha zaidi na zaidi. Siku ya kuihamisha, chagua jioni baada ya saa kumi, au siku yenye mawingu, uiache nafasi ya sentimita 25 hadi 30 kati ya mche na mche.

Pwani ya ziwa si sawa na juu ya bonde

Kosa la pili, baada ya kufuata kalenda ya Ulaya, ni kudhani kwamba kuna kalenda moja ya Kenya. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Kakamega karibu mita 1,530, Nakuru mji karibu mita 1,850, na Molo inakaribia mita 2,500. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo kati ya mtu wa Kisumu na mtu wa Nakuru kuna tofauti ya nyuzi nne au zaidi hata wakipanda siku ile ile. Ongeza tofauti ya udongo na ya mvua, na utaona kwa nini ushauri wa shangazi wa Bungoma unaweza kumwangusha mpwa wake wa Njoro ingawa wote wawili ni wakulima hodari.

Nianze na Kisumu, kwa kuwa huko ndiko oregano hufa zaidi. Joto si tatizo kamwe. Mbegu zitaota mwezi wowote, ikiwa tu zimekingwa jua kali la mchana. Tatizo ni maji na udongo. Mvua ya masika huanza Machi, hupanda kileleni Aprili na kuendelea Mei, na mara nyingi huja kama dhoruba za alasiri au usiku zinazomwaga maji mengi kwa muda mfupi. Sehemu kubwa ya tambarare ya Kano, kutoka Nyamasaria kwenda Ahero, ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukilowa hunata na kuvimba, na ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Udongo wa namna hiyo hushikilia maji siku nyingi. Mche wa oregano uliotiwa humo Aprili umehukumiwa.

Kwa Kisumu, basi, ushauri wangu ni kuyatumia masika kama wakati wa kitalu. Sia mbegu barazani kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, uiache mvua inyeshe huko nje, kisha hamisha miche mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, mvua zinapopungua ilhali ardhi ingali na unyevu. Hapo ndipo vile vitu vitatu vya majira ya kuchipua vinapokutana kando ya ziwa: joto lipo, udongo una maji, na mvua inaondoka. Aliye na udongo mweusi asipande ardhini moja kwa moja hata Juni. Ainue tuta la sentimita 30 hivi, achanganye mchanga na mboji kwa wingi, au atumie mtungi uliokatwa. Wakazi wa Kajulu na Riat, walio kwenye miteremko yenye mawe, wana ardhi inayofanana zaidi na ile ya asili ya mmea huu, na wanaweza kupanda wiki mbili tatu mapema kuliko wenzao wa chini.

Nakuru hali ni tofauti. Udongo wa maeneo mengi kuzunguka mji, kuanzia miteremko ya Menengai hadi Bahati na Kiamunyi, umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, na maji hupenya humo haraka. Mvua ya mwaka ni kiasi cha milimita 900 hadi 1,000, pungufu kuliko ya magharibi. Mwezi Julai usiku huwa na baridi, na oregano, ingawa haifi, hukua polepole sana. Kwa sababu hizo Nakuru inafaa kuhamisha miche mapema: siku chache baada ya mvua kuanza kunyesha kwa utaratibu, yaani kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili. Udongo wenyewe utayaondoa maji ya ziada, na mmea utapata miezi miwili ya kujijenga kabla ya baridi. Mbegu zake sia mwishoni mwa Januari au mwanzo wa Februari, kiangazi kikiwa kimeshika, maana wakati huo kopo la barazani hupata joto la mchana la kutosha. Aliyekosa nafasi hiyo anaweza kusia Agosti na kuhamisha mwanzoni mwa Oktoba, mradi awe na maji ya kumwagilia Desemba na Januari.

Anayeishi sehemu za juu kama Molo, Mau Narok au Mau Summit ndiye ambaye onyo la jalidi linaweza kumhusu. Usiku wa kiangazi usio na mawingu, baridi ya huko inaweza kugandisha umande. Mmea uliokomaa huvumilia, lakini miche michanga isikutwe nje Januari bila kifuniko.

Kakamega na Vihiga zina mvua nyingi kuliko zote nilizozitaja, karibu milimita 2,000 kwa mwaka kwa Kakamega, na mvua hiyo haikomi Juni. Huendelea, ikipungua hapa na kuongezeka pale, hadi karibu na mwisho wa mwaka. Miezi mikavu hasa ni Desemba hadi Februari. Kungoja masika yaishe ndipo upande, kama Kisumu, hakusaidii sana, kwa sababu Agosti mvua hurudi na nguvu. Dirisha zuri huko ni mwisho wa Septemba hadi Oktoba. Mche unapata wiki nane hivi za mvua ya wastani, mizizi inashuka, na kiangazi kinapoanza unakuwa na nguvu ya kukipokea. Nao ni wakati mmea huu hupata ladha yake bora, kwa kuwa majani yaliyokua juani kwenye udongo mkavu kiasi hujaa mafuta kuliko yaliyolelewa na mvua. Udongo wa sehemu nyingi za Kakamega una asidi, ilhali oregano hupenda usio na asidi au wenye chokaa kidogo. Konzi mbili za majivu ya kuni zikichanganywa kwenye tuta wiki kadhaa kabla ya kupanda husaidia. Bungoma na Busia zinafuata takriban utaratibu huo huo.

Kitale na Eldoret zina msimu mmoja mrefu wa mvua kuanzia Machi au Aprili hadi karibu Oktoba. Penye udongo mwekundu unaopitisha maji, hamisha Aprili. Penye ardhi inayotuamisha maji, subiri Septemba.

Kalenda hii inaweza kukosea mwaka fulani

Miezi niliyoitaja ni ya mwaka wa kawaida, na kila anayelima anajua kwamba mwaka wa kawaida umekuwa adimu. Mwaka 2019 mvua ya masika ilichelewa sana katika sehemu nyingi za nchi, na waliohamisha miche Machi kwa mazoea waliikabidhi kwa jua. Mwaka 2024 masika yalizidi kiasi, mito ikavunja kingo zake na tambarare ya Nyando ikafurika tena. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli, na ni vyema mtu wa bustani ndogo ausikilize kama anavyousikiliza mwenye ekari kumi za mahindi.

Hata hivyo, kipimo cha uhakika zaidi kiko miguuni pako. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 mahali unapokusudia kupanda, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Ikiwa maji ya mara ya pili yametoweka baada ya saa chache, udongo huo unafaa na unaweza kupanda mapema katika msimu. Ukiyakuta bado yapo asubuhi ya pili, mwezi wowote utakaochagua utakuwa mbaya mpaka uinue tuta au uhamie kwenye chombo. Na siku ya kuhamisha yenyewe, chukua konzi ya udongo uuminye: ukidondosha maji, subiri, ukishikamana kisha ukavunjika kwa kuguswa, panda, ukimeguka kuwa vumbi, mwagilia kwanza na uache ulale usiku mmoja.

Mambo yanayosemwa ambayo hayana msingi

Lisemwalo zaidi ni kwamba oregano hupandwa siku moja na mahindi, mvua ya kwanza inapogusa ardhi. Mahindi yana mbegu kubwa yenye akiba yake ya chakula, hufukiwa, na huhitaji mvua nyingi mfululizo hadi yabebe. Oregano haina hata moja ya sifa hizo. Tena mvua ya kwanza mara nyingi hudanganya: hunyesha siku mbili, kisha jua likarudi wiki mbili. Mahindi yanaweza kurudiwa kupandwa kwa gharama ndogo. Miche iliyolelewa miezi miwili haina mbadala wa haraka.

La pili ni kwamba kwa vile mmea huu unastahimili ukame, unaweza kupandwa kiangazi na kuachwa. Kustahimili ukame ni sifa ya mmea uliokwisha kushusha mizizi. Mche mchanga ni kama mtoto aliyetoka kuachishwa ziwa: chakula cha watu wazima atakila, lakini si wiki hii. Anayetaka kupanda Januari anaweza, Kisumu hata Nakuru, ikiwa tu atamwagilia kila baada ya siku mbili kwa mwezi wa kwanza na kuweka kivuli cha majani makavu au wavu saa za jua kali. Hapo kiangazi hakiwi adui, maana yeye mwenyewe ndiye anayepima maji, na kwa kweli baadhi ya bustani nzuri kabisa za viungo huanzishwa hivyo. Lakini atakayesahau siku nne atapoteza vyote.

Wapo pia wanaoamini kwamba samadi nyingi hufidia wakati mbaya. Oregano iliyorundikiwa samadi mbichi hutoa majani makubwa, laini, yenye ladha hafifu, na huoza upesi zaidi mvua ikija. Konzi moja ya mboji iliyoiva kwa kila shimo inatosha. Kuhusu kupanda kwa kufuata mwezi mchanga au mwezi mpevu angani, maji na joto la udongo ndivyo vitakavyoamua mche uishi au ufe, na nguvu ya mtu ni bora iende huko.

Kuna jambo moja ambalo majirani zetu husema na wako sahihi: kwamba oregano yao imekaa muda mrefu bila kutoa maua. Mmea huu huchochewa kuchanua na siku ndefu za kiangazi cha kaskazini, ambako jua hukaa saa kumi na nne au zaidi. Kwetu mchana haurefuki hivyo, na maua yanaweza kuchelewa sana au yasije kabisa. Hilo ni faida kwa anayetaka majani, kwa sababu mmea ukichanua hupunguza kuyatoa. Pia linamaanisha kwamba mbegu zako mwenyewe huenda usizipate, na kwamba njia ya kuongeza mimea ni vipandikizi.

Kuanza na kipandikizi badala ya mbegu

Kama unamfahamu mtu mwenye oregano nzuri, sina budi kusema wazi kwamba kipandikizi ni bora kuliko pakiti. Mbegu za oregano hutoa miche isiyolingana kwa ladha. Mmoja mkali, mwingine hauna maana. Kipandikizi hubeba ladha ya mama yake. Tafuna jani moja kwanza, na ulimi ukiwashwa kidogo, omba tawi.

Kata ncha ya tawi changa lisilo na maua, urefu wa sentimita nane hadi kumi, chini kidogo ya kifundo cha majani. Ondoa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, na uweke chini ya ukingo wa paa. Mizizi hutokea kati ya wiki mbili na nne. Wakati mzuri wa kukata ni ule ambao si mzuri kupanda nje: majuma ya masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, kwa sababu tawi lisilo na mizizi hunyauka haraka katika hewa kavu. Mtu wa Kisumu aliyekata vipandikizi mwishoni mwa Aprili atakuwa na miche tayari Juni, pamoja na wale waliosia mbegu mwezi mzima kabla yake. Nakuru kata mwishoni mwa Februari ili miche iwe tayari kwa Aprili; kwa kuwa hewa bado ni kavu, siku za mwanzo uvifunike kwa mfuko wa plastiki angavu usiogusa majani.

Majani ya kwanza unaweza kuyachuma mmea ukifika urefu wa sentimita 15, kwa kukata ncha zake, na kukata huko huulazimisha utoe matawi zaidi ya pembeni. Usichume zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Wakati wa mvua kubwa ondoa matandazo yaliyogusa shina ili hewa ipite, na wakati wa kiangazi yarudishe. Baada ya mwaka wa tatu au wa nne utaona shina la katikati limekuwa gumu kama kuni na majani yamepungua. Wakati huo chimbua kichaka kizima kwa uma wa bustani, kigawanye vipande kila kimoja kikiwa na mizizi yake na machipukizi, tupa sehemu ngumu ya katikati, na upande vipande vilivyobaki katika dirisha lile lile la eneo lako: Aprili Nakuru, Juni Kisumu, Oktoba Kakamega.